Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro Lililobaki Katika Santuri

Ifikapo tarehe 31 Desemba, 2029, itahitimika miaka 50 ambayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inaihesabu baada ya kifo cha mtunzi kwa watunzi wote waliofariki dunia mwaka 1979. Mmoja wao ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa, mwimbaji na kiongozi wa bendi kutoka Morogoro, ambaye maisha yake yalikatika Januari mwaka huo kwa ajali ya gari mjini Mombasa, nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 34.

Baada ya tarehe hiyo, nyimbo alizozitunga mwenyewe zitakuwa mali ya umma, na warithi wake hawatakuwa tena na haki ya kudai malipo kwa matumizi yake. Muda huo uliobaki ni mfupi. Kwa sababu hiyo, maisha ya msanii huyu yanastahili kusimuliwa upya, kwa kuwa yanaonesha namna kazi ya mtu mmoja inavyoweza kusikika Afrika Mashariki nzima huku nyaraka, mikataba na nakala zake zikiwa zimetawanyika katika nchi zaidi ya moja.

Mkoa wa reli, mkonge na dansi

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni, 1944. Mwaka huohuo ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo miongo miwili baadaye ingempa jukwaa. Morogoro ya wakati huo ilikuwa tayari njia panda ya nchi. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1907 na kuendelea kupitia Kilosa na Dodoma hadi Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Kandokando ya reli hiyo yalikuwapo mashamba makubwa ya mkonge, yakiwamo ya Kimamba, wilayani Kilosa, yaliyowavuta vibarua kutoka mikoa mingi.

Baadaye lilijengwa tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye bonde la miwa. Mwaka 1964 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, inayokatiza ndani ya hifadhi hiyo, ilikuwa imewekwa lami. Hivyo, ndani ya kizazi kimoja, Kilosa na Mikumi zilikuwa miji ya njia, yenye wasafiri, wafanyakazi wa reli, makuli, makarani na wakulima waliokusanyika kutoka kila upande.

Hali hiyo ina uzito mkubwa katika historia ya muziki wa dansi. Mfanyakazi wa mkonge aliyetoka kusini na mwenzake aliyetoka magharibi hawakuwa na ngoma moja ya jadi waliyoifahamu wote wawili. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili na siku ya mshahara. Bendi iliyoimba kwa Kiswahili, kwa vyombo ambavyo havikuwa vya kabila lolote, ndiyo iliyoweza kuwakutanisha katika ukumbi mmoja. Morogoro ikawa miongoni mwa miji iliyolielewa jambo hilo mapema.

Wa kwanza kulivumisha jina la mji huo kwa muziki alikuwa Salum Abdallah, mwasisi wa Cuban Marimba, aliyependa santuri za Kikyuba zilizokuwa zikiingia nchini na kuugeuza mdundo wake kuwa wa Kiswahili. Salum Abdallah naye alifariki dunia kwa ajali ya gari, mwaka 1965, na uongozi wa bendi yake ukashikwa na Juma Kilaza. Kwa miaka mingi mashabiki wa Morogoro waligawanyika kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz kama wanavyogawanyika leo mashabiki wa timu mbili za soka za Dar es Salaam.

Kijana wa gitaa la solo

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa ya vyombo. Bendi za miaka ya 1940 zilitegemea magitaa makavu, banjo, fidla na tarumbeta, na sauti ya mwimbaji ilishindana na kelele za ukumbi bila msaada. Magitaa ya umeme na vipaza sauti vilipoenea, kazi ya mpiga gitaa ilibadilika kabisa. Gitaa la solo, ambalo awali lilijaza nafasi nyuma ya waimbaji, sasa lingeweza kusikika juu ya saksafoni na kusimama mbele kama sauti ya pili.

Mbaraka alikuwa mmoja wa watu wa kwanza nchini kuitumia nafasi hiyo kikamilifu. Aliimba, alitunga, na katikati ya ubeti na ubeti gitaa lake lilimjibu mwimbaji ambaye mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe. Mashabiki walimpa jina la Soloist National, na jina hilo likamfuata hadi mwisho wa maisha yake.

Nyimbo zake zilifuata mpangilio uliozoeleka katika dansi ya Tanzania. Wimbo ulianza taratibu, ukieleza kisa kwa beti zilizopangwa vyema, kisha ukaingia katika chemko, sehemu ya kasi ambako magitaa hufukuzana na wachezaji huachiwa uwanja. Mpangilio huo ulioana na teknolojia ya santuri ndogo, zenye upande mmoja usioweza kubeba zaidi ya dakika chache. Wimbo mrefu uligawanywa mara mbili: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Aliyenunua santuri alilazimika kunyanyuka, kuigeuza na kuweka sindano upya ili asikie wimbo unavyokwisha.

Osaka, 1970

Miaka mitano hivi baada ya kuingia Morogoro Jazz, Mbaraka alisafiri na bendi hiyo kwenda Japani. Maonesho ya Dunia ya mwaka 1970, maarufu kama Expo 70, yalifanyika Osaka kuanzia Machi hadi Septemba na yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo kufanyika barani Asia. Tanzania, iliyokuwa na umri wa miaka minane tu tangu Uhuru wa Tanganyika, ilishiriki miongoni mwa nchi 77, na bendi kutoka Morogoro ikapewa jukumu la kuitangaza kwa muziki.

Uamuzi huo uliendana na msimamo wa Serikali. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Kupeleka muziki wa dansi nje ya nchi kulionesha kuwa utamaduni huo ulikuwa mpana: ngoma za jadi zilikuwamo, na gitaa la umeme lililoshikwa na kijana wa Morogoro nalo lilikuwamo. Mbaraka aliporejea alitunga wimbo kuhusu safari hiyo, na kwa wasikilizaji wengi wa redio vijijini huo ndio uliowafikishia habari za Osaka.

Kutunga habari za nchi lilikuwa jambo la kawaida kwake. Dkt. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa tarehe 25 Desemba, 1971, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa, Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo ambao bado unakumbukwa. Wakati ambapo magazeti yalifika kwa shida katika stesheni nyingi za reli, mtunzi wa dansi alibeba sehemu ya kazi ya mwandishi wa habari. Katika nyimbo nyingine alishughulikia mapenzi, undugu, umaskini na hadaa za mjini. Alitumia methali ambazo msikilizaji wa Kilosa hakuhitaji kufafanuliwa, kama ile ya jogoo la shamba, iliyompa jina la moja ya nyimbo zake mashuhuri.

Kuanza upya na Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Uzito wa uamuzi huo hauonekani mara moja kwa msomaji wa leo. Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa vyama vya wanachama au mali ya taasisi na wafanyabiashara, na magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya chama au ya tajiri. Mwanamuziki aliyejitoa aliondoka na kipaji chake tu, vyombo vikabaki nyuma. Vyombo vipya vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga ndivyo fedha hizo zilivyozidi kuwa adimu, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973.

Super Volcano ilisimama licha ya vikwazo hivyo. Kwa mujibu wa desturi ya bendi za Tanzania, kila bendi ilikuwa na mtindo wake uliotambulika kwa jina, na wa Super Volcano ukaitwa Masika, jina lenye maana ya pekee kwa mkoa wa wakulima. Ni katika kipindi hiki ambapo Mbaraka alitoa wimbo uliompa umaarufu mkubwa kuliko zote, Shida. Wimbo huo ulivuma Tanzania na Kenya kwa pamoja, na hadi leo hupigwa katika vipindi vya muziki wa zamani.

Sauti nyumbani, santuri Nairobi

Hapa ndipo ilipo sehemu nzito ya historia yake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za nchi nzima katika studio zake, na kwa kanda hizo wananchi walizisikia nyimbo za Mbaraka kila wiki. Lakini redio ilirekodi kwa ajili ya kurusha matangazo, haikuuza santuri. Kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo Tanzania. Mwanamuziki aliyetaka kazi yake iuzwe madukani alilazimika kwenda Nairobi, kulikokuwa na studio za kampuni za muziki pamoja na kiwanda.

Mbaraka alifanya hivyo mara nyingi. Santuri zake zilitengenezwa Nairobi, kisha zikauzwa kwa njia za biashara za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyounganisha Tanzania, Kenya na Uganda tangu mwaka 1967. Utaratibu huo ulimpa soko la nchi tatu. Pia uliziweka nakala mama za kazi zake, hesabu za mauzo na mikataba nje ya mipaka ya nchi yake.

Mwaka 1977 jumuiya hiyo ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Kwa mwanamuziki ambaye kanda zake zilikuwa Dar es Salaam na santuri zake Nairobi, mpaka huo ulipita katikati ya kazi yake. Wapo wasanii waliobaki nyumbani na kutegemea redio pekee, na wapo waliohamia Kenya moja kwa moja. Mbaraka aliendelea kulifuata soko lake Kenya, na ni huko ambako maisha yake yalikoma Januari 1979.

Tanzania ilimpoteza katika kipindi kigumu. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na mwezi ambao Mbaraka alifariki dunia Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilivuka mpaka kuingia Uganda. Nchi iliyokuwa vitani ilimpoteza mtunzi ambaye katika hali ya kawaida angeutungia wimbo ushindi wake. Kwa mji wa Morogoro pigo hilo lilikuwa la pili la aina moja ndani ya miaka 14: viongozi wawili wa bendi zake maarufu, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, wote walichukuliwa na ajali za barabarani.

Ukumbusho

Baada ya kifo chake, kampuni ya PolyGram ya Nairobi ilianza kukusanya nyimbo zilizokuwa zimetoka katika santuri ndogo na kuzitoa upya katika santuri ndefu, mfululizo wa matoleo kadhaa yaliyopewa jina la Ukumbusho. Wimbo uliokuwa umegawanywa pande mbili sasa ungeweza kusikilizwa pamoja na nyingine kwa kikao kimoja. Kwa vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1979, Mbaraka wanayemjua ni yule wa Ukumbusho. Baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa diski yenye nyimbo zake, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuliuliza jina la mji wa Morogoro.

Matoleo hayo yameuokoa muziki wake, na shukrani inastahili kutolewa kwa walioyafanya. Hata hivyo, yanafundisha jambo ambalo taifa limejifunza kwa kuchelewa: anayehifadhi ndiye anayechagua. Nyimbo zilizoingia katika santuri ndefu zimeendelea kuishi, zimehamishiwa kwenye kaseti, kisha diski, kisha simu za mkononi. Wimbo uliobaki katika kanda moja ya redio, au katika santuri ndogo moja ndani ya sanduku la mzee wa Kimamba, hauna mlinzi mwingine zaidi ya kanda hiyo au sanduku hilo. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na santuri hupinda zikiachwa juani.

Haki inayohesabiwa kwa miaka

Mbaraka alifanya kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, ambayo muda wake wa ulinzi ulikuwa mfupi zaidi. Sheria ya mwaka 1999 iliyoichukua nafasi yake iliongeza muda huo hadi uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ikaweka msingi wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, yenye jukumu la kusajili wabunifu na kazi zao. Kenya nayo huhesabu miaka 50. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, haki za utunzi wa Mbaraka zingali hai katika nchi zote mbili hadi mwisho wa mwaka 2029. Rekodi zenyewe, yaani sauti iliyonaswa studio, zina hesabu yake tofauti.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hilo. La kwanza ni kwamba kwa muda uliobaki, matumizi ya nyimbo hizo katika matangazo ya biashara, filamu au marudio ya kibiashara yanahitaji ridhaa ya wenye haki, na umri mkubwa wa wimbo hauondoi wajibu huo. La pili ni kwamba baada ya muda huo kupita, uhuru wa kutumia kazi hizo utakuwa na maana pale tu ambapo kazi zenyewe zipo. Sheria inaweza kuufanya wimbo kuwa mali ya umma, lakini haiwezi kuurejesha wimbo ambao nakala yake ya mwisho imeoza.

Sehemu ya urithi huo ipo katika maktaba ya kanda iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, kutoka Redio Tanzania. Sehemu nyingine imo mikononi mwa wananchi. Mkoa wa Morogoro, ambako watu walinunua santuri kwa mishahara ya mkonge, reli na miwa, ni mahali pa kuanzia kuitafuta. Familia ya Kilosa, Mikumi au Kidatu yenye santuri za wazee haina haja ya kuwa na gramafoni ili kuzisaidia kudumu. Inatosha kuzisimamisha wima katika majalada yake mahali pakavu, mbali na jua, na kuandika majina yaliyomo kwenye vibandiko vyake pamoja na jina la aliyezinunua.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa kiongozi wa bendi yake mwenyewe kwa miaka isiyozidi sita, na kwa jumla hakufikisha miaka 15 katika muziki wa dansi wa jukwaani. Katika muda huo aliliwakilisha taifa Osaka, akaliombolezea kwa wimbo lilipopata msiba, na kuwapa watu wa makabila mengi nyimbo walizoziimba kwa lugha moja. Kazi hiyo aliimaliza kwa sehemu yake. Kuitafuta, kuitunza na kuheshimu haki zake ni sehemu iliyoachwa kwa walio hai, na kalenda yake inasoma Desemba 2029.